Kikilia, Niambie

Nyanchwa, Kisii
4 Februari 2025

Kwa Baba Ombati,

Naandika nikiwa nimelala chali, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usishangae. Daktari amenifunga kitandani. Unajua mimba mbili zilitoka kabla ya hii, na hii imefika mwezi wa sita. Amesema nikipanda tena ile barabara ya Gesima kwa boda boda, asilaumiwe. Nisimame kwenda msalani na kuoga tu. Mume wangu Abner yuko Garissa anafundisha mpaka shule zifunge, basi nimebaki na dirisha, redio, na jirani anayeniletea chakula saa saba.

Sasa nani atakuja kila mwezi kuiangalia seva ya ushirika wa chai? Nimewaza hivi: badala ya mimi kuja Gesima, niingie ndani ya mashine kwa njia ya mtandao, nikiwa hapa hapa na kompyuta yangu tumboni. Nitaona kila kitu kama niliyeketi kwenye chumba chako cha mashine. Lakini njia hiyo lazima mtu aitengeneze kutoka huko ndani, na huko ndani uko wewe peke yako. Meneja wako, Bwana Angwenyi, amekubali.

Nilitaka tuelewane kwa simu. Nimekupigia mara nne, na mara zote nne umesema, "Haloo, mtandao mbaya, niandikie," ukakata. Haya, nimekuandikia. Duke wa pikapu hushuka mjini kila Jumanne na Ijumaa. Yeye ndiye posta yetu.

Jambo la kwanza ni dogo. Ijumaa asubuhi fungua mlango 22, na mingine yote iache imefungwa. Uache wazi mpaka jioni nijaribu kuingia.

Wako,
Nyanchama


Gesima
7 Februari 2025, jioni

Kwa mwanangu Nyanchama,

Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba salamu ni nyingi kama mchanga wa bahari. Bahari sijawahi kuiona. Pokea salamu kama magunia ya majani chai yaliyopangwa hapa nje leo, yanatosha.

Kwanza nikurekebishe kidogo. Wewe umekulia Nakuru na Ekegusii chako ni cha kuokota. Ukiniita Baba kwa Kiswahili ni heshima, lakini kwa Ekegusii neno baba maana yake ni mama. Mtu akisoma barua yako juu ya bega langu atashangaa nimezaa lini. Niite Tata, ndilo neno letu la baba.

Pili, nimefanya ulivyosema. Jengo letu lina milango ishirini na minne. Mlango wa 22 ni ile stoo ya mbolea nyuma, ambayo kufuli yake ilikuwa imeshika kutu tangu mvua ya mwaka juzi. Bwana Angwenyi aliniuliza ufunguo ni wa nini, nikamwonyesha barua yako. Nimeipiga kufuli mafuta na nyundo mpaka ikakubali. Kisha nimefunga milango mingine yote ishirini na mitatu, na makarani wamelalamika sana kwa sababu wengine walikuwa ndani. Nimekaa pale mlangoni na mwavuli tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja. Kondoo wa jirani ameingia, na kuku wawili. Wewe hukuingia.

Silaumu. Nilikuwa na kazi siku nzima, na hilo si jambo dogo kwangu. Lile daftari unaloniandikia ukija, la kunieleza waya huu ni wa nini na ule ni wa nini, nimelisoma tena tangu ukurasa wa kwanza.

Jilinde na jirani huyo akupe mboga za chinsaga, zinaongeza damu.

Ni mimi,
Tata Ombati


Nyanchwa
11 Februari 2025

Tata Ombati,

Nimecheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya mtoto. Kosa ni langu. Waombe makarani msamaha, na kondoo pia.

Sikiliza. Mashine ina milango yake ambayo haionekani, maelfu, na kila mmoja una namba. Wa 22 ndio mafundi huingilia. Unafunguliwa kwenye ruta, kile kisanduku cheupe chenye taa ukutani. Desemba nilikuchorea ukurasa wake kwenye daftari, karibu na mwisho. Fuata mchoro ule, andika 22 mahali palipo na nyota.

Duke amebeba flashi kwenye bahasha hii. Ndani yake kuna kufuli. Ichomeke kwenye seva, kisha andika kwenye kibodi mistari mitatu niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii, herufi kwa herufi. Kufuli inabaki kwako, ufunguo wake ninao mimi peke yangu, hapa chini ya mto. Hata mtu akiufikia mlango, bila ufunguo ataishia kubisha.

Ukimaliza, skrini itakuonyesha alama za mashine, herufi na tarakimu arobaini na tatu. Ni kama alama za kidole. Hakuna mashine mbili zenye alama moja. Nakili kwenye karatasi unitumie. Nikibisha hodi nitauliza, nani mwenzangu? Mashine itanionyesha alama, nami nitalinganisha na karatasi yako. Zikitofautiana, nitajua niko kwenye nyumba ya mtu mwingine. Angalia herufi kubwa na ndogo, zina maana.

Jambo moja la mwisho, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Kile kisanduku cheusi cha betri kilicho chini ya meza ndicho kinachoishikilia mashine umeme ukipotea. Betri yake ni ya zamani. Kikilia, niambie siku hiyo hiyo.

Nyanchama


Gesima
18 Februari 2025

Kwa mwanangu Nyanchama,

Tumefungua, na safari hii hata kuku hakuingia.

Alama za mashine ziko kwenye karatasi ya pili. Nimezinakili mara tatu na kuzilinganisha kwa rula, mstari kwa mstari. Palipo na duara lenye kistari ndani ni sifuri. Duara tupu ni herufi O.

Kisanduku cha betri nakitazama kila asubuhi nikifika na kila jioni nikiondoka. Sijakiona kikilia. Mashine yenyewe naiwekea kiganja mgongoni. Ikiwa inafanya kazi inatetemeka kidogo, inakuwa na joto, kama ng'ombe anayecheua. Makarani wananicheka, eti mzee anabariki kompyuta. Waache.

Uliniuliza siku ile ya Novemba kama sichoki kukaa peke yangu kwenye chumba hiki. Sikukujibu. Nachoka. Makarani wanaongea wao kwa wao na kuondoka pamoja. Nyumbani ni mimi na jiko, tangu mke wangu Mong'ina alazwe kaburini miaka minne iliyopita. Watoto wako Nairobi na Eldoret, wananipigia simu Jumapili, nasema mtandao mbaya. Wewe ukija na boda yako na daftari lako, tunakaa saa tatu tukiandikiana na kuchora, hiyo ndiyo siku ninayoihesabu.

Kwa hiyo nakuuliza, mlango huu ukikamilika na mtoto akizaliwa salama, utakuja tena?

Tata Ombati


Nyanchwa
25 Februari 2025

Tata,

Nimeingia. Jumapili saa tano asubuhi nilibisha, mashine ikatoa alama zake, nikashika karatasi yako juu ya skrini na kusoma kwa kidole. Zote arobaini na tatu, hakuna hata moja iliyopotoka. Nikageuza ufunguo. Nikawa Gesima, Tata, na miguu yangu iko juu ya mito miwili Nyanchwa. Nimesafisha, nimepanga, nimeona hesabu ya majani ya kila kituo cha kupimia inavyoingia. Nilijisikia vizuri moyoni kwa mara ya kwanza tangu Januari, kwa sababu kuna mahali nilipohitajika.

Hapa siku ni ndefu. Kanisani juu wanapiga kengele, wanafunzi wanapita wakicheka, nami naangalia dari. Abner anapiga simu jioni, tunaongea dakika tano, basi. Nahesabu mateke ya mtoto.

Umeuliza kama nitakuja. Habari njema ni kwamba haitahitajika tena. Kila nilichokuwa nakuja kufanya nitakifanya kwa mlango huu. Hutasumbuka tena kunipikia chai na kuniandalia kiti. Wewe kazi yako itakuwa nyepesi sana: kisanduku tu. Kikilia, niambie.

Nyanchama


Gesima
4 Machi 2025

Nyanchama,

Nimeipata barua. Ninafurahi kwamba hutasumbuka tena.

Kisanduku hakijalia.

Ombati


Nyanchwa
14 Machi 2025

Mzee Ombati,

Nimekaa siku nzima nikitafuta namna ya kuandika hii bila hasira, nimeshindwa.

Rekodi za mashine zinasema kisanduku cha betri kilianza kulia Jumatano tarehe 12 saa kumi na mbili asubuhi. Kikalia mchana kutwa. Kikalia usiku kucha. Kikalia Alhamisi mpaka saa tisa na dakika ishirini, umeme ulipopotea, na betri ikafa hapo hapo. Saa thelathini na tatu, na wewe umeketi hatua mbili kutoka hapo. Alhamisi hiyo, simu yako ya mkononi ikiwa imezimwa, nimepiga ya chumba chako mara kumi na moja. Inaita mpaka inakatika. Siwezi kusimama, siwezi kuja, sina mtu mwingine huko.

Vituo vinne havikuweza kupima majani jana. Magunia yamelala nje mpaka yakachemka yakawa meusi. Wakina mama wameyamwaga shimoni asubuhi ya leo. Hao ni watu unaowajua kwa majina.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Kama ni hasira ya barua yangu ya mwisho, hasira ya mtu mzima haielekezwi kwa magunia ya watu. Nimemwandikia Bwana Angwenyi kwamba mtunzaji wa chumba amepuuza kengele. Nimeona ujue kutoka kwangu.

Nyanchama


Gesima
21 Machi 2025

Kwa mwanangu Nyanchama,

Uliyoandika kwa meneja ni ya haki kwa mtu aliyejua ulichojua. Sasa nakuambia ambacho hukujua, na watoto wangu pia hawakijui.

Mimi sisikii.

Kabla ya kuja ushirika nilifanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, kwenye mitambo ya kukaushia majani. Pale mkiongea mnapigiana kelele sikioni, na jioni masikio yanavuma mpaka asubuhi. Kwanza walipotea ndege. Kisha mvua juu ya mabati. Nilikuwa natoka nje nashangaa kumelowa. Kisha sauti nyembamba, za wanawake na watoto. Nilijifunza kusoma midomo, na kucheka wengine wakicheka, na kusema mtandao mbaya simu ikitetemeka mfukoni. Nilipoletwa chumba cha mashine nilishukuru Mungu. Mashine haimsemeshi mtu.

Ukaja wewe na daftari. Nilikuambia uniandikie ili nisisahau. Uliamini. Tangu masikio yaondoke, wewe ndiye mtu wa kwanza niliyeongea naye bila kubahatisha.

Uliposema kikilia nikuambie, nilifikiri kulia kwake kutaonekana, taa au kitu. Niliona aibu kukuuliza mashine inaliaje. Nikawa nakitazama. Jumatano nilikitazama. Alhamisi nilikitazama. Kilikuwa pale pale, cheusi, kimetulia.

Jana wameniita ofisini, Angwenyi na wanakamati wawili. Angwenyi amefuga masharubu, midomo yake haisomeki. Mkubwa akikuuliza ukijibu ndiyo, mara nyingi mambo hupita. Nimejibu ndiyo mara nne. Nimetoka nje, nikamwomba Duke, aliyekuwa ameketi pale kama shahidi, aniandikie waliyoniuliza. Ameniandikia nyuma ya risiti ya petroli. Kisanduku kilikuwa kinalia? Ndiyo. Wewe ulikuwepo? Ndiyo. Simu iliita? Ndiyo. Uliamua kupuuza? Ndiyo.

Siku yangu ya mwisho ni tarehe 11 Aprili.

Lakini si hilo lililoniumiza zaidi. Mong'ina alipokuwa hospitalini mwishoni, alinishika mkono akaongea kwa muda mrefu. Alikuwa amegeukia ukuta, midomo sikuiona. Nilimjibu ndiyo. Akatulia. Mpaka leo sijui nilimkubalia nini.

Usiharibu mimba kwa ajili ya haya. Usimwambie mtu.

Tata Ombati


Nyanchwa
1 Aprili 2025

Tata wangu,

Nimetoa barua zako zote chini ya mto. "Sijakiona kikilia." Uliandika hivyo, kwa mkono wako, na mimi msomi wa kompyuta nikapita juu yake mbio. Kiganja mgongoni mwa mashine. Mtandao mbaya. Yote yalikuwa pale.

Na mimi nina la kukuambia. Mlango ulikuwa wazi na ufunguo ulikuwa wangu. Ningeingia Jumatano hata dakika moja, ningekiona kilio kile kimeandikwa kwenye rekodi. Sikuingia. Jumanne usiku niliona damu kidogo, nikalala siku mbili nikiangalia ukuta, sikutaka kujua habari ya chochote. Alhamisi mashine ilipokufa ndipo nikapiga kelele. Nilimwandikia meneja habari ya uzembe wako, wangu nikaukalia.

Umenikataza kumwambia mtu, nami nimekukosea mara ya pili, nimemwambia Bwana Angwenyi. Yote, na la kwangu pia. Amejibu jana. Anasema pole kwa mzee, ni mtu mwema, lakini hata hivyo sasa fundi anaingia kutoka mbali, chumba hakihitaji mtu. Kiti kitaondolewa. Tata, wewe na mimi tumetengeneza mlango ule kwa mikono yetu, herufi kwa herufi, na kwa mlango huo huo wanakutoa.

Sina la kurudisha. Nina kitu kimoja tu cha kukupa kabla hujaondoka. Alhamisi tarehe 10, saa nne asubuhi, kaa mbele ya skrini na usiiguse. Subiri.

Nyanchama


Gesima
11 Aprili 2025

Kwa mwanangu Nyanchama,

Naandika kwenye meza ambayo kesho si yangu.

Jana saa nne kasoro tano niliketi. Nilikuwa nimenyoa ndevu, sijui kwa nini. Skrini ilikuwa nyeusi na kile kimstari kinachokonyeza. Saa nne ikafika, nikaona herufi zinatoka zenyewe, moja moja, kama mtu anayeandika kutoka upande wa ndani wa kioo.

Tata, bwakire. Ni mimi. Andika chochote, nitakiona.

Nimefanya kazi na mashine ile miaka sita, sikujua inaweza kuongea. Niliijibu salamu yako ya asubuhi kwa kidole kimoja: Bwakire buya mwanangu. Umekula? Nikabonyeza. Nikangoja. Ukajibu kwamba umekula ndizi na maziwa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahia habari ya ndizi namna ile.

Tuliongea mpaka saa saba. Uliniambia ya damu, na hofu yako, na kwamba chumba cha mtoto hujakipaka rangi kwa sababu safari zile mbili ulikipaka. Nilikuambia ya Mong'ina alivyokuwa akinitania. Sikujibu ndiyo hata mara moja pasipo kuelewa. Karani mmoja aliingia akanikuta nalia, akarudi nyuma polepole.

Uliandika mwishoni kwamba nisizime skrini, uniangalie nikiondoka. Huwezi kuniona, najua, lakini sikuizima. Leo nimeifuta vumbi, nimeiwekea kiganja, inatetemeka vizuri. Ufunguo wa chumba nimempa Angwenyi, na wa stoo ya mbolea pia, ingawa hakuna mwingine anayejua kuifungua.

Zaa salama.

Tata Ombati


Nyanchwa
16 Mei 2025

Tata,

Amezaliwa. Tarehe 26 Aprili, msichana, kilo mbili na nusu, anaitwa Nyamusi. Abner alikuwepo siku tisa, kisha shule zikafunguliwa, amerudi Garissa. Nimeruhusiwa kutembea. Natembea kutoka kitandani mpaka mlangoni na mtoto begani.

Nikuambie ninachofanya kila Alhamisi saa nne. Naingia kwa mlango wetu, naandika: Tata, bwakire. Nakaa nikiangalia kimstari kinakonyeza. Najua kiti hakipo. Naandika hivyo hivyo, habari za mtoto, habari za mvua, kwenye skrini ya chumba kisicho na mtu. Kisha nafuta natoka. Nimejua kidogo ulivyoishi.

Alhamisi ya wiki iliyopita, tarehe 8, nilibisha na hakukuwa na jibu lolote. Umeme ulikuwa umepotea huko usiku, betri mpya ikaisha, mashine ikalala. Umeme uliporudi mashine haikuamka, inataka mtu abonyeze kitufe. Mlango hauna mkono, Tata. Bwana Angwenyi alinipigia saa hiyo hiyo, wakulima wako nje na magunia. Nikamwambia fundi anaweza kuingia kutoka mbali ikiwa tu kuna mtu ndani wa kumfungulia. Akasema atamtafuta karani. Nikasema sitamwelekeza karani. Nitamwandikia Ombati, au mashine ilale.

Haikuwa heshima, na labda haikuwa haki kwa wale wenye magunia. Lakini ufunguo ni wangu peke yangu, na kwa mara moja niliutumia. Aliguna, akakata simu. Jioni mashine iliwaka, sijui nani alibonyeza. Duke anasema alitumwa kwako na pikapu, na kwamba ulipanda bila kuuliza lolote.

Kwenye kifurushi hiki kuna taa nyekundu. Wakikuita tena, ichomeke nyuma ya kisanduku cha betri. Kikilia sasa, kitalia kwa mwanga.

Njoo umwone mtoto. Usipige simu, njoo tu.

Nyanchama


Gesima
14 Juni 2025, jioni, baada ya kufunga Sabato

Kwa mwanangu Nyanchama,

Nimefika salama kutoka kwako, Duke amenishusha hapa nyumbani, nimewasha taa nikaketi kuandika kabla hata ya kuvua koti. Asante kwa chai na kwa ndizi.

Nilisahau kukuambia la kazi, kwa kumtazama mtoto. Nimerudi chumbani. Nilimwandikia Bwana Angwenyi kwa mkono wangu, ingawa wewe ulishamwambia, kwamba mimi ni kiziwi, na kwamba ndiyo zangu nne azifute. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Wiki iliyofuata alinyoa masharubu. Kwenye mlango wa chumba nimebandika karatasi: Mtunzaji ni kiziwi, mguse bega, mwandikie. Makarani wawili wameshaandika. Mmoja aliuliza saa. Mwingine aliuliza kama ni kweli mke wangu alikuwa akiimba vizuri. Watoto nao nimewaandikia. Bado hawajajibu.

Lakini sababu ya barua hii ni nyingine. Ulipoingia jikoni kuchota chai uliniachia Nyamusi mapajani. Ulirudi mbio, umemwaga chai mkononi, uso umekujaa hofu, ukanipokonya. Nilielewa ulichofikiri. Ulifikiri mtoto analia na mzee hajui.

Nilijua. Kiganja changu kilikuwa mgongoni mwake. Kwanza alitulia, anatetemeka kidogo na kutoa joto, kama kitu kinachofanya kazi vizuri. Kisha pumzi ikasimama. Kisha mgongo wote ukajikaza, ukaja mtikisiko mkubwa uliopanda mpaka kwenye bega langu, na mwingine, na mdomo wake ukafunguka wote. Alilia mara tatu kabla hujafika mlangoni. Ya kwanza ilikuwa ndogo, wewe hukuisikia.

Uliniagiza. Amelia, mwanangu, na nakuambia siku hiyo hiyo.

Tata Ombati